Kahawa ya Chumvi, Vikombe Kumi na Vinne

Jumatatu, 12 Januari
Hikmet kinyozi kapata nafasi kwenye tamthilia ya wageni! Atapita na kikapu cha mkate, sekunde tatu. Mtaa wetu wote wa Kuzguncuk unampongeza utadhani kaingia bungeni. Na mimi Vehbi, fundi cherehani mstaafu, mwenye masharubu haya, nikose? Thubutu! Istanbul yote lazima iuone uso wangu.

Jumanne, 13 Januari
Nimejitambulisha kwa mwongozaji kuwa mtaalamu wa mila zetu. Wanapiga picha za tukio la posa: binti humtilia mchumba chumvi kwenye kahawa, naye akiinywa bila kukunja uso, ndiye mume. Nikasema desturi halisi ni jirani mzee kuinywa kwa niaba ya kijana. Akauliza jirani yupi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mkalimani, Ebru, akanitazama weee, kisha akatafsiri.

Mke wangu Nermin kanikumbusha kwamba siku ya posa yetu nililia mpaka mama yake akaleta taulo. Uzushi. Nilikuwa na mafua.

Jumatano, 14 Januari
Nimepigwa picha! Chumvi ya kweli, maana mwongozaji hataki maigizo. Kumbe hawa watu hurudia. Taa imezimika, tena. Paka kapita, tena. Mzee kakunja uso, tena, tena, tena! Vikombe kumi na vinne. Nje ya dirisha Hikmet ananipungia kikapu, akiuliza kama niongezewe na pilipili. Nimekunywa maji nusu ndoo. Nina furaha isiyo kifani.

Ijumaa, 16 Januari
Tumeonyeshwa kipande. Mkono wangu! Mkono na kikombe, basi. Uso ulikunjamana mno, wameukata. Lakini nyuma ya mkono, dirishani, yupo Hikmet mzimamzima, sekunde kumi na moja, meno yote nje. Nermin kacheka hadi kashika meza. Iliniuma sana. Halafu nikacheka nami, kwa kweli mkono ulipendeza.

Jumamosi, 17 Januari
Ebru kapiga simu. Jumatatu, kwenye tamthilia, yule kijana mchumba anasafiri, na gari lake litamwagiwa maji kwa nyuma ili aende na kurudi salama. Je, mtaalamu ana la kuongeza? Ninalo! Nimesema maji hayamwagwi barabarani, humwagiwa jirani mzee, kichwani, uso ukiwa juu. Kacheka, akaandika.

Nermin anauliza kama nimeiona theluji. Nimeiona. Lakini maji yatarudiwa mara ngapi? Moja tu.