Mteja wa Kwanza wa Kitengo cha Mwonekano

Wananchi wote waliojiajiri mtandaoni walitaarifiwa kwamba, kuanzia Jumatatu, ingekuwa marufuku kwa mtu yeyote kuonekana mtandaoni kabla hajaonekana ofisini.

Tangazo lilipita na gari la vipaza sauti kutoka Kitete hadi stesheni, mara tatu kwa mujibu wa ratiba na mara ya nne kwa sababu dereva alikosea njia. Mwandishi wake alikuwa Bwana Abbasi Pazi, Kaimu Mratibu wa Kitengo cha Mwonekano. Aliliandika kwa mkono wake, akajipelekea mwenyewe aliidhinishe, akakaa nalo siku mbili ili asionekane kujipendelea, ndipo akaliidhinisha.

Kitengo kilikuwa na nia njema kabisa. Vijana wa Tabora, wachora nembo, wapiga picha, wafasiri, waandishi wa matangazo, wote hao wanaoitwa mafrilansa mitaani, walikuwa wanajinadi mtandaoni hovyohovyo, kila mmoja kwa sura yake. Huyu amevaa kofia. Yule anacheka mpaka magego yanahesabika. Na kilichomuumiza zaidi Bwana Pazi ni kwamba baadhi yao walikuwa wanapata wateja, na hapakuwa na jalada lolote linaloonyesha waliwapata kwa utaratibu gani.

Bwana Pazi alikuwa Kaimu kwa mwaka wa sita sasa. Neno hilo lilikuwa limemganda. Lilikuwa mlangoni, kwenye muhuri na kwenye kikombe chake cha chai. Hata mamantilie wa nyuma ya ofisi alimwita Kaimu, na akampakulia nyama ya kikaimu, vipande viwili. Ndiyo maana waraka ulipokuja kutoka Dodoma aliusoma amesimama. Waraka ulisema hivi: ndani ya siku tisini, akipatikana mteja hata mmoja kupitia wasifu uliotolewa na Kitengo, ukaimu wa Mratibu utakoma. Asipopatikana, Kitengo kitavunjwa na Kaimu atarudi alikotoka, kwenye ukaguzi wa mitaro.

Mteja mmoja. Bwana Pazi alicheka. Kwa utaratibu mzuri, mteja mmoja ni nini?

Akabuni Wasifu Rasmi. Picha ya pasipoti, nyuma bluu, mdomo umefungwa, shingoni tai. Tai ilikuwa moja, ya ofisi, nyekundu, na ilivaliwa kwa zamu na watu mia mbili na kumi na wanne, wakiwemo wasusi na fundi mmoja wa visima. Chini ya picha ilifuata barua: "Yahusu: Kupata Mteja. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania mtiifu, mwenye akili timamu. Naomba kazi yoyote." Penye nafasi ya kuonyesha kazi alizowahi kufanya mtu, wote walijaza: "Zipo kwenye jalada."

Mmoja tu aliuliza swali, Nasri, mpiga picha za harusi.

"Mheshimiwa, picha zangu ndiyo kazi yangu. Niziweke watu wazione."

"Picha ni siri ya mteja. Zilete kwenye bahasha iliyofungwa."

"Sasa mteja mpya atazionaje?"

"Atafika hapa, atajaza fomu ya kufungua bahasha."

"Mteja yuko Mtwara."

"Basi awahi basi la alfajiri."

Siku ya themanini na mbili taarifa ilikuwa hivi: wenye Wasifu Rasmi, mia mbili na kumi na wanne; wateja, hakuna. Bwana Pazi aliandika kwamba idadi ya wateja imeendelea kuwa thabiti. Kisha akaweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza akasikia harufu ya mitaro.

Bi Dafrosa wa masijala, mama mwenye miwani ya kamba, aliyehudumu chini ya makaimu watano bila kumzoea hata mmoja, alileta chai.

"Kuna mmoja mbona wateja wanamfuata, Kaimu. Yule Kabula."

"Kabula nilishafunga ukurasa wake."

Ni kweli alikuwa ameufunga. Kabula alipokataa kuvaa tai, Bwana Pazi aliagiza ukurasa wake wa mtandaoni uchapwe wote kwenye karatasi, akagonga kila karatasi muhuri wa UMEFUNGWA, akaziweka kabatini, akatia kufuli.

"Wateja bado wanaingia," alisema Bi Dafrosa.

"Wanaingilia wapi? Ufunguo ninao mimi."

Bi Dafrosa akatoa simu, akaifungua, akamwekea mbele. Palikuwa na binti anayecheka, ameshika chupa ya asali. Chini yake mistari miwili: "Naandika maneno yanayouza bidhaa yako. Nieleze unauza nini kama unavyomweleza shangazi yako, mengine niachie." Kisha lebo tatu za asali, kila moja ilivyokuwa kabla hajaigusa na ilivyokuwa baada. Kisha maneno ya mfuga nyuki mmoja: "Mwaka jana watu waliuliza bei wakaondoka. Mwaka huu wanauliza kama imebaki."

Bwana Pazi alisoma mara mbili. Akatafuta kasoro mpaka akaipata.

"Hana tai," alisema.

Lakini siku zilikuwa zimebaki nane. Kabula akaitwa.

Aliingia na kandambili za kuendea sokoni, akapiga goti kidogo, kwa adabu zote.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Hapa ni ofisini, binti. Utani umeishia mlangoni."

"Ehe! Haya ndiyo maneno yenu tangu zamani. Babu zangu wametembea miezi mitatu kutoka hapa mpaka pwani, pembe za ndovu begani, miguu imevimba, wanafika wanawakuta Wazaramo mmekaa barazani mnauliza, 'Mna kibali?'"

Bi Dafrosa alipatwa na kikohozi cha ghafla.

Bwana Pazi alikaza uso, maana hakuwa na njia nyingine. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na Kabula ni Mnyamwezi wa hapahapa. Utani baina yao ni wa enzi za misafara, na anayeukasirikia anaaibika kuliko anayetaniwa. Alipozikwa baba yake mdogo, watani wa Kinyamwezi waliingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe soda, na ukoo mzima ukawashukuru.

"Hata hao babu zako," alisema, "waliandikishwa kwanza ndipo wakapewa mizigo."

"Waliandikishwa baada ya kuonyesha bega, mtani. Mwenye msafara hakusoma barua ya mtu. Aliangalia bega, akaona sugu, akasema, huyu ameshabeba, apewe. Ninyi mabega ya watu mmeyatia kwenye bahasha."

Bwana Pazi alifunga mlango, akashusha sauti.

"Nataka uniandikie wasifu. Wangu mimi. Wa mfano. Wananchi waone namna ya kujitangaza, na Kitengo kipate mteja."

"Unauza nini?"

"Mimi ni mtaalamu wa uratibu."

"Unaratibu nini?"

"Mambo yanayohitaji uratibu."

Kabula alimtazama kama mtu anavyotazama gunia la karanga ambalo halijafunguliwa.

"Haya. Ila nina namna yangu ya kufanya kazi, kwa kila mteja. Nakaa naye siku nzima. Naangalia anachofanya kwa mikono yake, naandika hichohicho. Siongezi, sipunguzi, na nikishamaliza hakibadilishwi kitu."

"Iandikwe," alisema Bwana Pazi, akasaini sharti hilo na kuligonga muhuri. Alipenda masharti. Yalimfanya ajione yuko katika jambo zito.

Jumatano Kabula alikaa kwenye benchi la wanaosubiri, daftari magotini. Saa mbili alikuja Sikuzani, mchora piko, akaambiwa arudi kesho kwa kuwa tai imefuliwa na haijakauka. Saa nne alikuja muuza asali kutoka Sikonge, akaambiwa bluu ya picha yake ni ya mbinguni na inayotakiwa ni ya kiserikali. Saa sita mzee mmoja aliyepotea njia aliuliza zilipo ofisi za maji. Akapewa fomu, akajazishwa, akaambiwa asubiri, na saa tisa akaambiwa kwamba si hapa. Nasri, aliyefungua jalada lake Machi, alikuwa palepale benchini tangu Jumatatu, na kamera yake shingoni.

Kabula aliandika. Wakati wa kufunga alipita mlangoni kwa Kaimu akamwambia, "Mtani, nimekutazama kutwa nzima, mwili umenisisimka. Msafara wa babu zangu ungepita hapa kwako, pembe zingeota na kuwa tembo tena."

Bwana Pazi hakutarajia. Kicheko kilimtoka kabla hajakiidhinisha, kikubwa, cha Kisarawe hasa, kichwa nyuma, meno yote nje. Nasri, kwa mazoea ya harusini, akapiga picha.

Alhamisi jalada lilipanda mezani. Juu yake palikuwa na dokezo la Bi Dafrosa: "Wasifu wa Mfano umekamilika. Umezingatia hali halisi. Naomba idhini yako." Bwana Pazi, kama mtumishi yeyote mwenye uzoefu, husoma dokezo. Viambatisho ni kwa ajili ya watu wasio na kazi. Akasaini kila ukurasa, akagonga muhuri, akaandika pembeni, "Imepitiwa kwa kina. Irushwe." Bi Dafrosa akairusha.

Siku ya tisini aliwasili Bi Apolinaria, mkaguzi kutoka Dodoma, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu kama anayesoma vifungu. Kabula naye aliitwa, ili mkaguzi awaone vijana walionufaika. Bwana Pazi alivaa ile tai. Kompyuta ikafunguliwa.

Kitu cha kwanza alichokiona Bwana Pazi ni meno yake.

Chini ya meno paliandikwa: "Naitwa Abbasi Pazi. Nachelewesha mambo. Niletee jambo la dakika tano, nitalifikisha wiki tatu, na hutapata mahali pa kunilaumu, kwa sababu kila hatua itakuwa na muhuri. Kazi nilizofanya karibuni: Sikuzani, mchora piko, siku kumi na moja na bado anaendelea. Nasri, mpiga picha, tangu Machi. Mzee mmoja aliyeuliza njia, muda wa saa tatu kamili. Ukitaka ushahidi, fika ofisini, utaukuta umekaa kwenye benchi."

Bi Apolinaria alisoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Huu wasifu umetolewa na Kitengo?"

"Haujatolewa," alisema Bwana Pazi. "Ni uhuni. Ni hujuma."

"Una muhuri wako. Umeandika, 'Imepitiwa kwa kina.'"

Kukana muhuri ni jambo ambalo Bwana Pazi hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulifanya.

"Na kuna ujumbe wa mteja," aliendelea mkaguzi. "Baba mmoja wa Kaliua. Anasema kuna kijana ameleta posa kwa binti yake, binti hamtaki, na wazee wa pande zote wana haraka. Anataka suala hilo lishughulikiwe na mtaalamu mpaka kijana akate tamaa. Anasema ameangalia wengi mtandaoni, na wewe peke yako umesema wazi unachofanya na ukaonyesha kazi."

Simu ya mezani ikaita. Bwana Pazi aliinyakua kwa mazoea.

"Ni mimi wa Kaliua, kuhusu ile posa," sauti ilisikika chumba kizima. "Tunaanza lini?"

"Suala lako limepokelewa. Andika barua, pitishia kwa mtendaji, kisha nipigie wiki ijayo."

"Ndiye!" sauti ilipiga kelele upande wa pili. "Mama Shija, njoo usikie! Ndiye huyuhuyu!"

Bi Apolinaria aliweka alama ya vema kwenye karatasi yake.

"Mteja mmoja amepatikana. Lengo limefikiwa. Kuanzia sasa, Bwana Pazi, wewe si Kaimu."

Bwana Pazi alishika ukingo wa meza. Miaka sita. Machozi yakamlengalenga.

"Nimethibitishwa?"

"Kanuni za Kitengo, kifungu cha nne: mtumishi atakayepata mteja wake binafsi mtandaoni atahesabiwa kuwa amejiajiri, na jina lake litaondolewa kwenye orodha ya watumishi siku hiyohiyo. Kifungu kikali. Kilitungwa na nani?"

"Na yeye," alisema Bi Dafrosa. "Alikitunga, akajipelekea, akakaa nacho siku mbili."

"Hongera," alisema mkaguzi. "Wewe ndiye kijana wa kwanza kunufaika."

Akafunga mkoba. Kitengo kimetimiza kazi yake, alieleza, kwa hiyo kinavunjwa kwa heshima. Bi Dafrosa akaenda benchini kuwaambia watu waende makwao, kila mmoja na bahasha yake.

Mkaguzi naye akaondoka. Walibaki wawili. Bwana Pazi alivuta karatasi, akaandika kwa haraka.

"Utaniomba radhi. Kwa maandishi, nakala tatu."

"Siombi," alisema Kabula.

"Basi kwa mdomo."

"Siombi, mtani."

"Umenikosesha kazi, binti! Nakuambia kama mzee wako. Neno moja tu, yaishe."

Kabula alifunga daftari lake, akasimama, akavaa kandambili vizuri. Hakucheka, hata kidogo.

"Nilikaa siku nzima, nikaandika nilichokiona, ukasaini. Mteja wako anakusubiri Kaliua. Radhi siombi, wala kesho usinipigie."