Joachim Kaniibia Ugonjwa

Jumapili, 2 Julai 2017

Jua la leo si la kuchezea. Nimefuta vioo vya ghorofa kwa nje tangu asubuhi, jasho hadi kwenye soksi. Mwenzangu Elisante yeye yuko ndani, stoo ya sabuni, kiyoyozi kinampuliza. Kavaa sweta! Sweta, Dubai, mwezi wa saba! Kanipita kantini akaniuliza eti huko nje kuna joto? Mshenzi. Mimi Japhet, niliyeishi Doha na Maskati, niliyefika kidato cha pili, nikaangwe kama muhogo, na Elisante asikie baridi? Haiwezekani. Nimeshapata akili. Nitaumwa.

Jumatatu, 3 Julai

Niumwe wapi? Mgongo hapana. Msimamizi wetu Shakir kashachoka na migongo, akisikia neno mgongo anasema yalla, panda basi. Nitaumwa kichwa, kwa ndani, kwenye mawazo. Kuna nesi mpya kwenye zahanati moja Al Twar, Mkenya, anaitwa Agneta. Bingwa wa maradhi ya akili, anaandika dawa mwenyewe bila kumsubiri daktari. Akisema mtu asikae juani, hata Shakir ananywea. Tena wanasema hatibu kichwa peke yake. Anauliza usingizi, chakula, sala, kazi, nyumbani, vyote anavitibu pamoja. Safi sana! Mahali pengi pa kuumwa.

Jumatano, 5 Julai

Nimekwenda. Niliingia nimeinamisha shingo, miguu naiburuta. Nimelia bila kitunguu. Nesi akaniuliza nakula nini. Hapo nikajisahau. Nikamweleza pilau ya Ijumaa, viungo vyake, na jinsi ninavyokula sahani mbili. Akauliza nalala vipi. Nikasema silali kabisa. Akasema haki, mbona mto umekuchora shavuni? Mwanamke ana macho! Lakini hakunifukuza. Kasema nirudi Ijumaa jioni na mtu ninayelala naye chumba kimoja, maana wenzako wanaona usichokiona mwenyewe. Shahidi! Kazi rahisi.

Alhamisi, 6 Julai

Kambini Muhaisnah chumba chetu kina watu wanane, saba ni waropokaji. Nimemchagua Joachim wa kitanda cha juu. Mtu wa Singida, mpole, haongei. Na mkarimu! Kila siku wali wake ananipa mimi. Wiki iliyopita kanipa na viatu vyake vya ngozi, anasema yeye hana kazi navyo tena. Watu kama hawa wamebaki wachache duniani.

Nimemfundisha la kusema. Japhet halali. Japhet hali. Japhet haoni faida ya kuamka. Ameshika mara moja, hata sikurudia. Nikamwambia kaka, wewe ungeigiza sinema.

Ijumaa, 7 Julai

Balaa!

Tumekaa mbele ya nesi. Joachim akaanza. Akasema Japhet anaamka alfajiri na kifua kizito kama kabebeshwa saruji. Nikasema moyoni, vizuri. Akasema chakula kinageuka mchanga mdomoni. Vizuri sana! Akaendelea, na hayo sikumfundisha mimi: kwamba Japhet anasikia mama yake akimwita, akigeuka hamna mtu. Kwamba anaona aibu, mama kazikwa yeye akiwa huku anafuta vioo vya watu. Sauti inatetemeka. Fundi! Hata mimi nilitoa chozi.

Nesi akanigeukia kwa upole. Akasema pole Japhet, mama alifariki lini?

Toba! Nikaruka. Nikasema mama yangu mzima, yuko Same, anauza vitumbua, jana tu kanitukana kwenye simu!



Nesi hakunitazama tena. Alikuwa anamtazama Joachim, na Joachim anatazama viatu miguuni kwangu. Ndipo nikakumbuka. Mwezi wa tatu Joachim alifiwa na mama yake. Tulichanga, tukampa pole jioni ile, asubuhi basi likaja, khalas, yakaisha. Hakuna aliyemuuliza tena.

Nesi akaniuliza hivyo viatu nilivyovaa ni vya nani. Nikamwambia ni vya Joachim, kanipa, anasema hana kazi navyo tena. Uso wake ukabadilika. Akanitoa nje.

Nimekaa kwenye benchi saa nzima. Mwanzoni nilikasirika. Ugonjwa wangu! Nimeutengeneza kwa mikono yangu, mtu kaniibia mbele ya macho! Kisha nikamsikia analia mle ndani, kilio cha mtu aliyekuwa anakibeba siku nyingi. Hasira ikaisha.

Nesi katoka kaniambia nisimwache peke yake hata dakika, asije akajidhuru, zamu tupeane chumba kizima. Tuliporudi nimemrudishia viatu. Nimemwambia vinanibana. Uongo, vinanitosha kabisa.

Jumapili, 9 Julai

Nesi kampigia Shakir. Joachim kahamishiwa stoo ya sabuni, mbele ya macho ya mtunza stoo! Stoo yangu! Elisante katolewa nje, yuko kwenye vioo karibu nami, analia joto. Hiyo imenifariji kidogo.

Ijumaa, 21 Julai

Joachim kanichapa kijiko! Nilinyoosha mkono kwenye wali wake kwa mazoea, akanichapa, akasema bwana Japhet, leo nakula mwenyewe. Chumba kizima tulipiga kelele kama wamefunga goli. Anameza vidonge vyake, jioni tunatembea kuzunguka kambi, leo tumekwenda ibada pamoja. Njiani kanisimulia mama yake alivyomkimbiza na mwiko. Alicheka. Halafu alilia. Nikamshika bega, nami nikalia, safari hii si maigizo.

Tumepita kwa nesi. Kafurahi mno. Kasema vidonge ni nusu ya matibabu, nusu nyingine ni watu wake. Kanionyesha kidole, kasema wewe Japhet nawe ni dawa. Mimi! Nilivimba kifua mpaka kifungo kikaachia. Kisha akaongeza kwamba sasa niache ujanja, nimejionea mwenyewe ulikonifikisha. Nikaitikia inshallah.

Nimewaza njia nzima. Kesho namwahi Shakir kabla ya basi. Simdanganyi, namweleza kitaalamu: mimi ni dawa, nesi kathibitisha. Na dawa zote duniani huhifadhiwa mahali pa baridi, mbali na jua. Anipeleke stoo haraka, kabla sijaharibika.