Zege la Warumi na Posa ya Nondo

Kijiwe chetu kiko nyuma ya foleni ya malori, pale Mama Sekela anapouza kahawa ya Mbozi. Ukikaa bila kununua, anakutazama mpaka ununue. Juzi asubuhi redio yake ikatangaza kwamba wataalamu wameijua siri ya zege la Warumi wa kale. Limekaa miaka elfu mbili, na likipata ufa, mvua ikinyesha linajiziba lenyewe.

"Hiyo chai, uongo mtupu!" akadakia Lucky, tunayemwita Kwacha kwa kuwa anabadilisha pesa mpakani. "Zege la chipsi mayai likae miaka elfu mbili? La bandani kwa Jenista likilala tu, asubuhi soli ya kiatu!"

"Zege la kujengea, wewe, siyo la kula," akasema Efraimu. Ni fundi ujenzi, jina lake la kijiweni Nondo.

Mzee Gasper akakohoa, akaweka kikombe chini. Huyu ni mzee wa kigango cha Katoliki, sisi tunamwita Askofu, na ndiye baba yake Fides, binti anayetakiwa na Nondo. Tatizo ni kwamba Nondo ni Mmoravian, na Askofu kaapa binti haolewi mpaka mchumba awe Roma kamili, asome mafundisho mwaka mzima benchi moja na watoto wa darasa la tatu. Nondo ana ndevu mpaka kifuani. Mimi namwonea huruma, kusema kweli.

"Mmesikia wenyewe," Askofu akatamba. "Zege kaleta nani? Warumi! Yaani sisi Roma."

"Na barabara za mawe, mzee?" Nondo akauliza kwa adabu nyingi mno.

"Sisi."

"Mwezi wa Julai?"

"Sisi! Na Agosti. Ninyi wengine mnazaliwa humo bila ruhusa."

"Nasikia na vyoo vya umma," nikachomekea. "Watu wanakaa mstari mmoja, hakuna ukuta katikati, wanapiga soga."

"Hiyo ni jumuiya ndogo ndogo," Askofu akajibu bila kupepesa macho.

"Na mkojo waliutoza kodi," akasema Nondo.

Kwacha akageuka haraka kutazama upande wa forodha. "Awe, hapana! Punguza sauti, kaka! Wakisikia pale getini tumekwisha. Madereva wote hawa wana chupa kwenye lori!"

Nondo hakucheka. Akasimama, akavua kofia.

"Mzee, zege ni la Roma?"

"La Roma."

"Anayelichanganya anafanya kazi ya Roma?"

"Bila shaka."

"Basi mimi nachanganya zege tangu nimalize la saba. Misingi ya Ihanda mimi, makaro ya Msangano mimi. Wewe nyumba yako ya matofali ya udongo. Nani Roma hapa? Naomba tarehe ya harusi."

Kijiwe kikalipuka. Mama Sekela alimwaga kahawa kwa kucheka. Mambo yangeishia hapo vizuri kabisa, ila Kwacha hajawahi kujua pa kunyamaza.

"Ngoja. Kama Warumi ndio ninyi, waliompigilia Bwana misumari Ijumaa Kuu walikuwa akina nani?"

Askofu akapauka. "Wale... wale Warumi wengine."

"Basi na zege la wengine!"

Nikatamani kumtia Kwacha kikombe mdomoni. Nondo aliona harusi inayeyuka.

"Siyo wengine!" akapiga kelele. "Ni haohao! Kwani Pilato alikosa nini? Alisema hadharani haoni kosa. Akanawa mikono kila mtu anaona. Wewe ungefanyaje? Nje watu wanapiga kelele, kazi inataka kuondoka, na mke kishakuonya tangu asubuhi, kwa hiyo hata nyumbani hakurudiki! Yule mzee alibanwa, jamani!"

Mmoravian mzima, jasho linamtiririka, anamtetea Pilato. Askofu akafuta machozi kwa kiganja.

"Fides ni wako."

"Bila mafundisho, baba?"

"Mafundisho ya nini tena? Haya, twende kwa mama yake."

"Kupanga tarehe?"

"Tarehe baadaye. Nimeuza mbuzi wa huyo mama na bado hajui. Wewe ndiye utakayeanza kuongea, unitetee."