Seva Bandani kwa Mama Shiru

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nashukuru Mungu kwa macho haya! Nimepata seva. Imetoka kwa ofisi moja iliyofungwa mjini. Ndefu kama kitanda cha mtoto, feni sita! Mwenzangu Bravin alitaka tovuti ya gazeti letu la wanafunzi ikae kwenye laptop yake kuukuu yenye kioo kilichovunjika. Laptop! Nikamwambia Nanyama, mhariri wetu, kwamba gazeti lenye heshima halikai kwa kitu kinachoingia kwa begi. Akakubali, ila akanionya: toleo linatoka Ijumaa, na tovuti ikilala, Bravin ndiye atakuwa mkuu wa mitambo badala yangu. Maskini Bravin.

Jumanne, 13 Mei
Nimewasha seva chumba cha gazeti. Kelele! Bravin akauliza, "Joash, boss, umetuletea posho mill ya kusaga unga?" Mlezi wa wanafunzi, ambaye ofisi yake iko mlango wa pili, akaagiza itoke kabla ya chakula cha mchana. Wivu tu.

Heri nina Mama Shiru, mwenye nyumba wangu huku Lanet. Amenipa kona ya banda la vifaranga. Stima iko, intaneti ya nyumba inafika. Nilimwambia ni mtambo wa elimu. Hakuuliza zaidi. Mungu ambariki.

Jumatano, 14 Mei
Tovuti iko hewani! Vifaranga wameacha jiko la makaa, wamejipanga nyuma ya seva, pale joto linapotokea. Mvua yote hii na hajafa hata mmoja. Mama Shiru akaniletea chai na chapati, akasema elimu ni kitu ya maana sana. Karibu nilie.

Bravin alikuja kuona. Akauliza kuhusu manyoya na vumbi. Nikamwambia debe tupu haliachi kuvuma. Ilibidi nipige kelele ndiyo anisikie, kwa jinsi seva ilivyokuwa ikivuma.

Ijumaa, 16 Mei
Msiba! Nanyama ametangaza toleo, tovuti ikazimika. Nikakimbia bandani. Feni zote zimejaa manyoya. Seva imekufa. Vifaranga wanalia, mimi nalia.

Bravin akafungua begi. Kumbe kila jioni alikuwa ananakili tovuti yote kwenye ile laptop, kimyakimya! Kabla ya chai tulikuwa hewani. Nanyama akampa ukuu papo hapo. Naye Bravin, bila kunicheka, akaomba mimi niwe msaidizi wake. Nilimkumbatia mbele ya watu. Sistahili rafiki kama huyu.

Jumamosi, 17 Mei
Mama Shiru amerudisha jiko. Vifaranga wamelikataa. Ameniuliza, kwa aibu kidogo, mtambo wa elimu utarudi lini. Huyo ni mama anayetambua kipaji! Nimempigia yule aliyeniuzia seva. Anayo nyingine, feni kumi na mbili. Inakuja leo.

Bravin naye amenipa kazi yangu ya kwanza: kuitafutia laptop mahali salama, pakavu, penye mtu wa kuiangalia. Amenikabidhi mwenyewe, bila wasiwasi. Nashukuru sana kwa imani hiyo. Nimeshaiweka bandani, na vifaranga wameipenda.