Jinsi Nilivyompa Babu Sifa ya Kuvumbua Ngoro

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya Kidato cha Kwanza kizima, mwalimu wao na wazazi wao. Naandika haya koti sijalivua.

Balaa lilianza Machi. Mdogo wangu Gaudensia alirudi shuleni na swali. "Kaka, Mwalimu wa Historia anataka tumuulize mzee wa nyumbani, ngoro ilianzaje?"

Nyumbani kwetu mzee ni mimi. Nina miaka ishirini na sita. Wazazi walifariki Gaudensia akiwa mdogo, nikaacha shule Kidato cha Pili, na tangu hapo kila kinachohitaji mzee kinaletwa kwangu. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuchimba ngoro hizo hizo tangu asubuhi. (Kwa wasiozijua: ni yale mashimo yanayojaa milima yetu ya Mbinga. Unalaza nyasi, unazifunika kwa udongo, unapanda maharage kwenye kingo. Kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, kufukia ni ya wanawake. Kwetu mimi ndiye wote.) Mgongo ulikuwa unawaka moto. Nikamwambia, "Aliyevumbua ni babu yetu Otmari."

"Babu yetu?!"

"Ndiyo. Nguruwe pori alikuwa anamaliza mahindi yake. Akamchimbia shimo, nguruwe akalikwepa. Akachimba la pili, akalikwepa. Babu akapandwa na hasira, akachimba mlima mzima. Bibi kuona vile akapanda maharage pembeni, angalau watu wapate chakula."

Gaudensia alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Nikaenda kulala nikijua amejua ni utani. (Kumbe aliiokota tena ile kalamu.)

Akapata tisa kwa kumi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Lakini alikuja anakimbia, daftari juu, anaita "Kaka! Kaka!" toka njia panda. Nikampongeza.

Basi leo kilikuwa kipindi chao cha mwisho cha Historia. Kila mwanafunzi asome alichojifunza mwaka huu, wazazi wasikilize. Nikavaa koti la marehemu baba. Mikono yake bado mirefu kwangu, naikunja.

Mwalimu Rehema, ambaye ni mgeni kutoka Tanga, alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu sana, mzazi! Wewe ndiye chanzo chetu!"

Chanzo cha nini? Nikatabasamu, nikageukia ukuta. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa rangi. Mzee mwenye jembe. Nguruwe anakimbia. Chini yake, kwa herufi kubwa: CHANZO CHA NGORO.

Nikaanza kuupima mlango kwa macho.

Mwanafunzi wa kwanza akasoma: "Mwaka huu nimejifunza kwamba uvumbuzi hutokana na hasira."

Wa pili: "Nimejifunza kwamba nguruwe pori ametoa mchango mkubwa katika kilimo cha Mbinga."

Wazazi wakaanza kutazamana. Wote ni watu wa mahindi na kahawa, ngoro wameziona kabla ya kuota meno. Ndipo nikamwona, kiti cha nyuma, Mzee Kasiani. Amekuja na mjukuu wake. Ni kaka yake bibi yetu! Nikajisogeza nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kipana.

Zamu ya Gaudensia. Alisimama wima, sauti haitetemeki. "Mwaka huu nimejifunza kwamba hata asiye na wazazi ana historia. Yangu naipata kwa kaka yangu. Bila yeye nisingejua kuwa babu yangu Otmari..."

"Otmari yupi?" Mzee Kasiani kasimama na fimbo yake. "Otmari shemeji yangu? Fundi cherehani?"

"Ndiyo, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Otmari yule jembe aliliogopa kuliko chatu! Ngoro alizipita na baiskeli anapeleka sketi za watu! Na ngoro babu yangu alizikuta, na babu yake naye alizikuta. Nani kakudanganya, mjukuu wangu?"

Yule mama mwenye kilemba akainama kufunga kamba za kiatu, nikabaki peupe. (Alikuwa amevaa kandambili!)

Darasa zima likanigeukia. Gaudensia alitazama daftari kwanza, kisha mimi. "Kaka, ulitunga?"

Nakiri, wazo la kusema tulikuwa na akina Otmari wawili lilinijia. Lakini alikuwa ameshaanza kulifunga daftari. Nikasimama.

"Nilitunga. Yote. Nguruwe hakuwepo."

Kisha sauti kutoka dirishani: "Mwalimu, mimi nimeiandika kwenye mtihani!"

"Na mimi!"

"Mimi nimechora mpaka mkia!"

Mwalimu Rehema akakaa kitini taratibu. "Na mimi," akasema, "nimewawekea vema wote."

Walichekaje! Mzee Kasiani alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Mwalimu akafuta macho, akasema, "Gaudensia, ile tisa naifuta. Likizo utaandika upya, kwa Mzee Kasiani. Na kaka yako aje na daftari lake."

"Mimi, Mwalimu?"

"Si wewe ndiye mtunzi?"

Kurudi nyumbani Gaudensia alitangulia hatua kama ishirini. Tulipofika kwenye kilima cha kwetu akasimama bila kugeuka. "Na ile kwamba jina langu alilichagua Mama mwenyewe, na yenyewe ulitunga?"

"Hapana. Hiyo nilikuwepo. Alilisema mara mbili, ili Baba asije akasahau."

"Nitamuuliza Mzee Kasiani."

"Muulize."

Akaendelea kutembea, ila polepole, mpaka nikamfikia. Tukapanda kilima pamoja. Katikati ya njia akanikunjia mkono wa koti uliokuwa umefunguka.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunaanza. Mkipita kwa Mzee Kasiani mkamkuta mwanaume mzima kakaa mkekani na daftari la mistari, toeni salamu, mwende zenu.