Kisanduku cha Kumwekea Mke Wangu

S.L.P. 41,
Bitter Fork,
Dakota Kusini.

2 Aprili

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kodi.

Ndugu Mkuu,

YAH: MKE WANGU KUKOSA KISANDUKU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kisichoyumba na kalamu yako inaandika. Mimi ni Orrin Sletten, mpimaji wa mizani katika ghala la sufu la hapa Bitter Fork kwa miaka kumi na tisa. Sijawahi kuchelewesha fomu yenu. Sijawahi hata kuikunja vibaya. Tangu nilipomaliza sekondari naandika shajara kila siku, kwa hiyo kila nitakalosema hapa lina tarehe yake. Ukitaka ushahidi nitauleta, ingawa madaftari yamo katika masanduku matatu na mama huyatumia kuwekea cherehani.

Jambo lenyewe ni dogo. Tarehe 17 Oktoba mwaka jana nilimwoa Bi Nélida Etchegaray, mchambuzi wa sufu wa mji wa Tacuarembó, nchini Uruguay. Mwaka uliotangulia alikuwa amekuja hapa kwa wiki tatu, ametumwa na ushirika wao kuona tunavyofanya kazi. Siku ya kwanza alichomoa nyuzi katika sufu niliyoipanga daraja la kwanza, akazivuta karibu na sikio, akasikiliza zinavyokatika, akasema, "Bwana, hii ni ya kujazia mito." Shajara ya siku hiyo ina mstari mmoja: Amesema kweli. Tuliandikiana mwaka mzima. Kisha nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, tukafungishwa ndoa kwa msajili wa kwao, nami nikarudi kazini Jumatatu. Yeye yuko kule anasubiri viza.

Sasa, siku atakapoitwa ubalozini, watataka kuiona fomu yangu ya kodi, waone nimejiandikaje. Kwa maneno mengine, kisanduku nitakachokiwekea alama kabla ya tarehe 15 ya mwezi huu ndicho kitakachowaambia kama nina mke au sina. Naomba kisanduku kinachomtosha, basi. Nimevitazama vyote mlivyotupa, na malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Jumamosi tarehe 7 Machi nilikwenda katika chumba cha chini cha kanisa letu la Kilutheri, ambako wazee wastaafu huwajazia watu fomu bure, na kahawa juu yake. Mzee Merle Tvedt, aliyenifundisha hesabu, alisoma karatasi zangu akavua miwani. "Orrin, mwanangu, wewe umezaliwa na bahati," akasema. "Mkeo ni mgeni na haishi hapa. Mama yako unamtunza wewe. Sheria inakuruhusu uhesabiwe kama hujaoa. Utakuwa mkuu wa kaya!" Alilitamka kwa sauti ya darasani. Bi LaVonne wa posta, aliyekuwa akingoja zamu yake, akanishika mkono. "Pole sana, Orrin. Mmeachana lini?" Naomba ofisi yako ijue kwamba kufikia Jumapili, kabla ya wimbo wa pili, nilikuwa nimeshapewa pole na watu kumi na mmoja na bakuli la viazi vya kuoka.

2. Cheo chenyewe hakina ukweli. Nilipomweleza mama, Bi Ardith Sletten, miaka themanini na moja, kwamba kwa sababu yake mimi sasa ni mkuu wa kaya, alicheka mpaka akaomba maji. "Mkuu wa kaya? Wewe? Mkuu wa kaya hii ndiye aliyekuambia uvue hivyo viatu." Akayanywa, kisha akasema, "Kwa hiyo serikali inanitambua mimi kuliko yule. Sikujua kama wana akili kiasi hicho." Tangu siku hiyo ananiita Mkuu. Mkuu, toa takataka. Mkuu, umesahau maziwa. Haya yote ofisi yako imeyaleta nyumbani kwangu kwa nia njema kabisa, nami nashukuru.

3. Tarehe 8 Machi nilimpigia Nélida, kama ilivyo kawaida yetu ya Jumapili, nikamweleza habari njema za Mzee Merle. Akasema, "Hata hapa kwetu kuna wanaume wanaojiandika kuwa hawajaoa. Tunawajua. Wake zao wote wawili tunawajua." Nikamwambia ni mambo ya fomu tu. Akasema, "Sawa, jiandike. Ila ukishakuwa hujaoa, mtu wa kumpigia Jumapili ni mama yako. Yuko karibu, na simu ni rahisi." Simu zetu zilizokuwa za saa nzima sasa ni za dakika tisa. Nimezipima.

Na si kwamba sijitumi, Ndugu Mkuu. Nimepaka chumba cha mashariki rangi ya kijani, kwa kuwa nadhani anapenda kijani. Nimemnunulia buti za theluji, mguu nikaukadiria. Nimemwombea kazi ghalani na meneja amekubali. Nimemwandikisha kwaya, sauti ya pili. Lakini kila nikimpa taarifa ya maendeleo, yeye huleta mambo mengine. Tarehe 15 Machi alisema mizani ya ushirika wao imeharibika tena na hawana mtu anayeielewa. Nikampa pole. Tarehe 22 alisema mikalitusi ya nyuma ya nyumba inanukia vizuri baada ya mvua, na kwamba pale chini ameweka kiti cha pili. Nikamkumbusha picha mbili za pasipoti. Unaona mwenyewe jinsi fomu yenu ilivyomchanganya mke wa mtu.

4. Kisanduku cha wanandoa wanaojaza pamoja ndicho nilichokitamani tangu mwanzo. Hapo Mzee Merle alinionyesha sharti lake: mimi na yeye tutie saini tamko kwamba tunachagua ahesabiwe kuwa mkazi wa nchi hii, na mapato yake yote, pamoja na ya sufu anayoichambua Tacuarembó kwa vidole vyake mwenyewe, yaletwe mezani kwenu. Nilisoma mara nne. Serikali hii ina ofisi mbili. Moja inasema Bi Nélida hawezi kukanyaga hapa mpaka ithibitike kuwa ni mke wangu. Ya pili, ambayo ni yako, inasema kwa saini mbili tu ameshakuwa mkazi wa hapa tangu Januari mosi ya mwaka jana, miezi tisa na nusu kabla sijamwoa. Wa viza hawamtaki bado, na ninyi mnamtaka hata kwa mwaka uliopita. Je, hampandi lifti moja?

5. Ili awe na namba yenu ya mlipa kodi, anatakiwa awatumie pasipoti yake halisi, au nakala iliyothibitishwa na walioitoa. Ubalozini nao watataka aje na pasipoti hiyohiyo mkononi. Nimejaribu kuchora ratiba inayoifikisha pasipoti moja sehemu mbili. Mimi ni mtu wa mizani, najua kitu hakiwezi kuwa kwenye sahani mbili kwa wakati mmoja. Mzee Merle, mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na nne, aliitazama ratiba yangu akasema, "Kunywa kahawa, mwanangu."

6. Kimebaki kisanduku cha aliyeoa lakini anajaza peke yake. Hiki sitakigusa. Ni kisanduku cha watu waliogombana, mmoja analala kwa dada yake na mwingine ameficha funguo za gari. Jina la mke unaliandika, lakini mahali pa namba yake unaweka herufi tatu za kusema ni mgeni asiyeishi hapa, kama mzigo uliokosa anwani. Peke yangu! Mimi, ambaye tangu Oktoba sijafanya jambo lolote ila kwa ajili yake! Naomba kisanduku hiki kiondolewe kabla hakijavunja ndoa za watu.

7. Tarehe 30 Machi nilipiga simu ofisini kwenu. Nilisikiliza muziki wenu kwa saa moja na dakika kumi, muda ambao mama alipika, akala, akaosha vyombo, na akaanza kuupenda. Kisha akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri. "Haya, mpendwa, nikusaidie nini?" Nikamwuliza mke wangu nimweke wapi. "Kwa sasa yuko wapi?" Tacuarembó, nikasema. "Hiyo ni wilaya gani, mpendwa?" Nilimweleza yote, kuanzia sufu. Alisikiliza kwa upole, nilisikia hata akivuta kiti. Mwisho akasema, "Mpendwa, mimi najibu ya fomu. Ya ndoa siyajui, na ya kwangu yenyewe ilinishinda." Nilimpa pole. Nadhani ofisi ingempa likizo.

8. Kwa kuwa mna uwezo wa kumfanya mtu awe mahali ambapo hayupo, kwa saini tu, naomba uwezo huo usiishie kwenye kodi. Theluji ya mlangoni kwangu ihesabiwe kuwa imezolewa. Mama ahesabiwe kuwa amekubali. Kuna upande wa pili wa kitanda changu ambao ofisi yako inasema una mkazi, naomba risiti.

9. Ikiwa risiti haiwezekani, basi ofisi ilete mtu. Sina makuu. Afisa mmoja wa ngazi ya kati atatosha, aje kila Jumapili akae kwenye nafasi ya Bi Nélida kanisani, aimbe sauti ya pili, na kwenye chakula cha pamoja alete sahani yake kama wengine. Awe anajua sufu. Nikipanga vibaya, avute nyuzi karibu na sikio aniambie ukweli. Siku Nélida atakapofika, afisa huyo atarudishwa kwenu akiwa amelishwa vizuri.

10. La mwisho, naomba muweke kisanduku kipya, kisomeke hivi: "Nimeoa, mke ninaye, tatizo ni ninyi." Kiwe kikubwa cha kutosha, kwa maana nina hakika sitakuwa peke yangu ndani yake.

Nakuomba ujibu kabla ya tarehe 15, kwani fomu yangu iko mezani, kila kitu kimejazwa, ila hapo tu. Wasalimie wote hapo ofisini, wanaofungua bahasha, wanaozifunga, na zaidi yule dada wa simu; mwambie mama anaulizia jina la ule wimbo. Mzee Merle anasalimu. Bi LaVonne anasalimu na ameomba radhi.

Ni mimi mlipa kodi wenu, na mume kamili,

Orrin J. Sletten

Nyongeza, 13 Aprili.

Barua hii sikuituma mara moja, kwa sababu nilitaka kwanza Nélida aihakiki. Jana Jumapili nilimsomea yote kwenye simu, dakika ishirini na mbili. Alicheka pale pa Bi LaVonne. Kwenye namba 9 alicheka zaidi, akasema kama afisa huyo anajua sufu kweli, wao kule watamchukua. Nilipomaliza akasema, "Orrin. Umemuuliza Mzee Merle, umeiuliza ofisi ya kodi, umemuuliza mpaka dada wa simu. Mimi uliniuliza lini kama nataka kuja?"

Nikamwambia lazima niliuliza, asubiri nitazame. "Tazama tu," akasema, "nachemsha maji ya mate," yaani ile chai ya majani ya kwao.

Nimeipitia shajara kuanzia siku ya ndoa, siku mia moja sabini na nane. Vipimo vya chumba vimo. Bei ya rangi imo, buti zimo, kwaya imo. Swali hilo halimo.

"Halimo," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Mizani bado mbovu. Na kile kiti bado kipo."

Nikamuuliza. Akasema hapana, hataki; ana kondoo, ana mama yake, na kazi yake ni nzuri. Nikamuuliza kama basi mimi naweza kwenda kule. Akasema, "Nilidhani utaniuliza Novemba."

Mama, ambaye huwa hasikilizi simu za watu, alipiga kelele toka jikoni, "Kule kuna theluji?" Nikamwambia hakuna. "Sasa unangoja nini, Mkuu?" Leo asubuhi nimekuta ameyatoa madaftari yangu kwenye sanduku moja na kupanga humo viatu vyake. Anataka kujua kama kule kuna Walutheri. Nélida anasema wapo wachache, na sauti ya pili inahitajika.

Kwa hiyo malalamiko namba 1 hadi 10 nayafuta. Viza nimeiandikia ofisi ile nyingine kwamba haihitajiki. Mwakani mume mgeni nitakuwa mimi, na watu wa kodi wa Uruguay wana fomu zao, nao nitawaandikia. Ila safari hii nitamuuliza Nélida kwanza.

Fomu ya mwaka jana imo ndani ya bahasha hii, imekunjwa vizuri. Nimeweka alama kwenye kisanduku cha aliyeoa lakini anajaza peke yake. Kwenye namba 6 nilikitukana; nakiomba radhi. Nimeisoma shajara yangu yote, na sioni kisanduku kingine kinachonieleza kwa usahihi kama hicho.

O.J.S.