Tango la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Joto la Garissa limevuka mpaka. Kishamba changu ukingoni mwa Tana kimezaa matango hadi naona aibu. Wateja? Hakuna! Mzee mmoja muuza ngamia ameshika tango, akalinusa, akaniuliza kama mbuzi wanalipenda. Kadar, jirani yangu mwenye meza ya matikiti, amecheka mpaka akakaa chini.

Nimesoma kwenye simu hadi chaji ikaisha. Tango karibu lote ni maji. Linapoza mwili, linalainisha choo, vipande vyake hutuliza macho yaliyovimba. Mama mkwe Saynab, aliyekuja kututembelea kutoka Tarbaj, ameongeza kwamba wakulima wa zamani wa mtoni walijisugua maganda usoni wakitoka juani. Ukweli mtupu! Lakini nani hununua ukweli mtupu? Nimeandika yote kwenye kadi ya manila. Chini pakabaki nafasi. Nikajaza: PRESHA KWISHA.

Jumanne, 4 Februari

Mama mkwe ana presha. Miaka sita anameza vidonge. Nimemtengenezea juisi ya tango na ndimu, nikamwagiza anywe kila asubuhi. Ayan, mke wangu, ameniambia niache mzaha na mama yake. Nimemjibu kuwa huu ni utafiti.

Jumatano, 5 Februari

Mashallah! Mama mkwe, ambaye kwa heshima huongea nami maneno matatu kwa siku, amesimama mbele ya meza yangu na kuwatangazia akina mama: "Mimi vidonge nimeacha! Tango la mkwe wangu ndilo dawa!"

Kufika adhuhuri sina hata tango moja. Kadar amekata matikiti ya kuonjesha bure. Hakuna aliyegeuka. Nimempungia mkono. Kwa adabu.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi Kadar kaja na uso wa matanga. Amemwona mama mkwe akipandishwa bajaji, Ayan kamshika, wanaelekea hospitali.

Nimekimbia, ndara moja ikabaki barabarani. Ya Rabbi, akipona siuzi hata jani! Nilijiona Tarbaj mbele ya kaka zake wanane, nikiieleza ile kadi.

Nimemkuta kwenye benchi anakula tende. Ilikuwa siku yake ya kliniki! Amepimwa, presha iko sawa. Nikamuuliza kuhusu vidonge. Akafungua fundo la mtandio wake. Vimo, na vinamezwa kila siku.

"Deeq, mwanangu," akasema polepole, "ulivyonuna pale nyumbani kwa matango kukosa wateja, ningelazimika kurudi Tarbaj kabla ya siku niliyopanga. Nikaona bora matango yaishe."

Na juisi? Amewapa mbuzi.

Nimecheka, machozi yakanitoka. Alhamdulillahi! Nesi aliyesikia kisa chote hakucheka. Alisema tango ni chakula kizuri, lakini je, waliosikia lile tangazo? Wangapi wametupa vidonge vyao?

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole akina mama waliokuwa mezani kwangu.

Ijumaa, 7 Februari

Kabla ya sala tumezunguka soko zima, mimi na mama mkwe, meza kwa meza. Yeye amekiri alidanganya. Mimi nimekiri kuhusu kadi. Jasho!

Kowsar muuza chai, mwenye presha pia, ametutazama kama watoto. Akasema tango alilitaka la kula na nyama na pilipili. Nani ataacha dawa ya daktari kwa maneno ya Deeq? Wenzake wote wakasema vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Hata mmoja!

Nimeswali kwa moyo mwepesi kama pamba. Kidogo nimeumia pia. Hakuna hata mmoja?

Jumamosi, 8 Februari

Kadi imechanwa. Wateja wamekuja vilevile, wanakula matango kwa chumvi na ndimu, wanasifu ubaridi. Kweli inauza. Nimetulia, nimekuwa mtu mwingine.

Jioni lori limeshusha figili sokoni. Nyeupe, ndefu, kali. Hakuna anayezitaka. Nimechukua gunia zima. Inasemekana wazee wa kale walizitumia kufungua kifua. Nimeandika kadi mpya, ya kweli kabisa. Neno "tiba" halimo, naapa. Ila pale chini pamebaki nafasi, na nafasi tupu ni israfu.

PUMU? TUONGEE.